Kamati ya Kununua Mtoto

Mtanzania akipata jambo huunda kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, na msiba huundiwa kamati kabla marehemu hajatolewa mochwari. Sisi hatukutaka makuu. Mimba ya mke wangu ilipotimiza miezi mitano na tumbo likaanza kumtangulia mlangoni, tuliwakalisha watoto wetu watatu sebuleni, tukazima televisheni, tukawaambia kwamba wanapata mdogo wao na kwamba safari hii kila mmoja atakuwa na kazi yake. Neno "kamati" nililitamka mimi, kwa utani. Watoto hawajui utani kwenye mambo ya vyeo.

Wazo la kuwashirikisha lilikuwa la mama yao, naye alikuwa na sababu. Alipozaliwa huyu wa tatu, wa pili alikuwa na miaka minne na hakuna aliyemwambia lolote la maana. Alimwona mama yake anaondoka usiku, kesho yake akarudishiwa mama mwenye mtu mwingine kifuani. Alipouliza huyu katoka wapi, shangazi yake akampa jibu la miaka yote: amenunuliwa hospitali. "Shilingi ngapi?" Shangazi alikuwa anachambua mchele na hana nafasi. Akasema laki moja. Mtoto akanyamaza. Usiku ule akaanza tena kukojoa kitandani, na kwa muda mrefu alimtazama mdogo wake kwa jicho la mtu anayepiga hesabu ya vitu vingine vinavyopatikana kwa laki moja.

Basi vyeo vikagawanywa. Binti mkubwa, wa darasa la sita, mwenye mwandiko wa kusomeka, akawa Katibu. Wa pili, wa darasa la tatu, mwenye kopo la sarafu ambalo hata mimi nimewahi kulikopa, akawa Mhazini. Mdogo, wa miaka minne, alilia mpaka akapewa uenyekiti, kwa kuwa ndicho cheo pekee kisichohitaji kujua kusoma. Kikao cha kwanza kilianza na ajenda ya posho. Tukakubaliana soda moja kubwa kwa wajumbe wote. Mwenyekiti akasinzia kabla ya mengineyo, Katibu akaandika kwamba kikao kimeahirishwa, na muhtasari ukabandikwa kwenye friji.

Kazi za mwanzo zilikuwa nyepesi. Mtoto aliye tumboni husikia sauti tangu kama mwezi wa sita, na nesi wa kliniki alimwambia mama yao awaache wazungumze naye. Katibu akamsomea kitabu chake cha Kiswahili cha shule. Mhazini akamsalimia kwa kifupi na kumuuliza yeye ni Simba au Yanga. Mwenyekiti alikitazama kitovu cha mama yake, ambacho kilikuwa kimechomoza, akaamua kwamba ndiyo maikrofoni. Kila jioni alikishika kwa vidole viwili, akasogeza mdomo, akatoa taarifa: nani kala andazi la nani, nani hakupiga mswaki, nani kamdanganya Baba. Mtoto akirusha teke, alitugeukia na uso wa kazi. "Amesema nimpige."

Nesi yuleyule alisisitiza jambo moja zaidi: wakubwa wafundishwe kumbeba kichanga kabla hajafika, shingo isilegee, kichwa kikae kiganjani. Mtoto wa kawaida huzaliwa na kilo tatu hivi. Akiwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mwanasesere aliyekuwepo nyumbani hakuwa na mkono mmoja, na uzito hakuwa nao kabisa. Nikaenda dukani kwa Mangi, nikapimiwa sembe kilo tatu, tukaufunga mfuko kwa kamba upande wa juu upate kichwa na shingo, tukauvisha kanga laini iliyochoka ya mama yao. Ukawa unabebwa kwa zamu. Katibu aliubeba huku anafanya hesabu za sehemu. Mhazini hakuupokea bila makabidhiano na sahihi. Mwenyekiti aliupa jina, Sembe, akalala nao chini ya chandarua na kutuamrisha tusiongee kwa sauti.

Balaa likaja siku ya kumwogesha. Mama yao alikuwa kliniki, mimi nilikuwa uani nahangaika na pampu ya baiskeli. Mwenyekiti alikuwa amesikia somo lote na hakusahau kitu. Alichukua beseni jipya, lile tulilolinunua kwa ajili ya hospitali. Alichota maji kwenye ndoo iliyokuwa juani, akayapima kwa kiwiko, akaona yana vuguvugu la haki. Alimvua Sembe kanga yake, akaikunja vizuri. Alimlaza kwenye maji taratibu, mkono mmoja shingoni. Kuhusu sabuni, alitumia akili: mtoto wa unga, sabuni ya unga. Alisugua tumbo, akasugua mgongo, na alipofika masikioni akaona kuna uchafu ndani, akaifungua kamba.

"Baba," aliniita, bila haraka. "Mtoto ameyeyuka."

Nilikuta beseni limejaa uji wenye povu, na katikati yake mtu wa miaka minne aliyezama mpaka viwiko, anatafuta kichwa. Bata wa jirani walikuja, wakaonja, wakaondoka wakitikisa midomo. Muhtasari wa jioni ile ninao hadi leo: "Mtoto wa majaribio amefariki kwa kuyeyuka. Mwenyekiti ameonywa. Kamati imeelekeza anunuliwe mwingine."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwamsha Mhazini. Anunuliwe. Kijana alikuwa na mambo mawili kichwani ambayo hayakupatana. Mama anasema mtoto yuko tumboni, na ni kweli, teke lake amelishika kwa mkono. Shangazi alisema watoto hununuliwa hospitali, na shangazi ni mtu mzima, anaswali. Akayasuluhisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu: mtoto yuko tumboni, ila kutolewa ni kwa malipo. Laki moja ile ilikuwa bei ya miaka minne iliyopita. Tangu hapo mafuta ya kula yamepanda, nauli imepanda, sukari imepanda. Watoto watakuwa wamebaki palepale kwa sababu gani?

Sasa mtoto wa mjini anayepungukiwa hela kwa ajili ya jambo la familia anajua pa kwenda. Ameshaona kaka wa jirani akioa, kwa michango ya kadi. Mhazini akanunua kaunta buku kwa sarafu zake, akapiga mistari: JINA, AHADI, AMELIPA, BAKI. Akakata manila ya rangi ya waridi vipande vipande. Nilikuja kuvishika baadaye, vimeandikwa kwa kalamu ya kijani: "Familia yetu inayo furaha kukujulisha ununuzi wa mtoto wa nne. Unaombwa mchango wako wa hali na mali. Singo 500, Dabo 1,000. Ukikosa kadi, mtafute Mhazini."

Kwetu Mbagala wanamjua kila mtoto wa mtaa. Nani angemkatalia? Mama muuza vitumbua alitoa dabo. Vijana wa bodaboda kijiweni walitoa dabo kila mmoja, wakamuuliza ukumbi ni upi, naye akawaambia watatangaziwa. Mangi alitoa singo na kukata biskuti mbili kwenye deni letu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu wa maneno matamu, aliandikisha ahadi ya 5,000 na hakutoa hata shilingi. Mhazini akawa anampitia kila asubuhi akienda shule, anasimama mlangoni na kaunta buku lake, hasemi kitu.

Habari ilitufikia kupitia kwa mjumbe wa mtaa wetu. Alikuja jioni, kofia mkononi, akakataa kiti kwanza, kisha akakikubali.

"Nimekuja kwa lile suala la mtoto," alisema.

"Mtoto yupi, mjumbe?"

"Huyo anayenunuliwa." Akashusha sauti. "Mwenzangu, kama mna shida mngeniambia. Sera ya serikali mjamzito hatozwi ada hospitali ya umma. Kuna mtu kawadai?"

Nikamwambia hakuna aliyetudai. Sera naijua, tangu miaka ya 1990 ipo, ingawa kila mwanamke wa mjini anajua pia kwamba msamaha wa ada hauna beseni ndani yake, wala pamba, wala glovu. Mhazini akaitwa. Akafungua kaunta buku, akamsomea mjumbe hesabu kwa sauti: taslimu 43,500, ahadi 28,000. Mwisho akageuza ukurasa. "Wewe mjumbe bado sijakuandika." Mjumbe akatoa dabo.

Mama yao alitaka hela zirudi zilikotoka usiku uleule. Tulijaribu. Mama wa vitumbua alikunja mikono kifuani. "Mchango wa uzazi haurudishwi, mwanangu. Unataka kuniletea nuksi?" Vijana wa kijiweni walisema wao kadi zao wanazo, wanasubiri shughuli. Hapo nikaelewa kwamba familia yangu ina deni la sherehe. Baada ya mazungumzo marefu chumbani, mke wangu alitoa hukumu: kila mchango uingie kwenye kitu kimoja cha mtoto kinachoonekana kwa macho, apite mtu akione. Kamati ikakutana kwa dharura, ikapitisha kitanda. Mhazini akabakiza 12,000, "fungu la dharura," na fedha iliyopungua nikaijazia mimi. Ilikuwa nyingi kuliko iliyochangwa.

Mwenye kutaka kitanda cha mbao Dar es Salaam hapotei njia, anakwenda Keko. Fundi alitaka vipimo, Mhazini akajitolea kupima, akaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaipeleka Keko ikiwa imekunjwa vilevile, fundi akaisoma, akanitazama, akasema "sawa bosi," akachukua malipo ya awali. Kitanda kilichelewa kama ilivyo desturi, kwa sababu umeme ulikatika, kisha mbao hazijakauka, kisha fundi alikwenda msibani Kisarawe. Siku kilipofika kilikuja juu ya kirikuu, kimefungwa kamba, na watoto wa mtaa mzima wanakimbia nyuma.

Hakikupita mlangoni. Tulikilaza, tukakisimamisha, tukakigeuza miguu juu. Dereva wa kirikuu akapendekeza tuvunje fremu ya mlango. Nikampigia fundi, naye hakukasirika hata kidogo. "Bosi, mimi nimefuata vipimo vyako. Karatasi ninayo hapa." Akanisomea. "Urefu: sentimita 130, mimi nikilala. Nyongeza 20, atakua. Upana: mimi nikigeuka."

Kazi ya fundi ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Vizuizi pande zote nne, mbao zimepigwa msasa, rangi haina harufu. Tulikifungua vipande, tukakiingiza, tukakifunga upya kukabaki skrubu kadhaa zisizo na kwao. Usiku ule Mhazini aliingia humo kukijaribu akalala mpaka asubuhi, na kesho yake Mwenyekiti akahamia upande wa miguuni. Hawajatoka. Kichanga mwenyewe hakukihitaji: alikuwa alale karibu na mama yake, chini ya chandarua chenye dawa alichopewa kliniki, mahali walipolala wenzake wote.

Siku zilipokaribia, mama mkwe akafika kutoka Pangani na vikapu vyake vya nazi. Nilimpokea stendi, nikamwamkia, akaitikia vizuri, na uso wake ukawa wa heri mpaka alipokiona kitanda.

"Mgeni hajapiga hodi, mmeshamtandikia?"

Kwao mimba haitangazwi. Nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajalia. Sasa alikuwa amekuta kitanda cha ukubwa wa mtumbwi, muhtasari wa vikao kwenye friji, na orodha ya wachangiaji yenye mjumbe ndani yake. Alikaa chini, akaomba maji. Mhazini akaenda kumpa pole. Bibi akamshika kidevu. "Mume wangu, umenitangaza mpaka kwa bodaboda?" Kijana akajibu kwamba bodaboda walilipa taslimu. Bibi akatazama pembeni, mabega yanamtikisika, na nikajua yameisha. Kufikia magharibi alikuwa amepewa cheo cha Mlezi wa Kamati. Amri yake ya kwanza ilikuwa vijinguo vyote vihamishiwe kwa jirani mpaka mtoto azaliwe, na vikahamishwa. Mkoba wa hospitali aliuachia, akisema huo ni mambo ya serikali.

Mkoba huo ulikuwa chini ya Katibu. Beseni, mpira wa kutandika, pamba, glovu, kanga safi za kutosha, kofia na soksi za mtoto zilizopewa ruhusa maalumu na Mlezi. Kila kitu kilipigiwa alama ya vema. Ukaguzi wa mwisho ulifanywa na wajumbe wote, na ninaamini hapo ndipo kila mjumbe alipoongeza cha kwake.

Uchungu ulianza saa tisa za usiku. Bajaji iko nje inanguruma, mke wangu kashika ukuta, mimi natupa nguo huku na kule natafuta kadi ya kliniki. Bila kadi ile wahudumu wanaanza upya: kundi la damu, vipimo, tarehe, mimba za nyuma. Katibu akatoka chumbani macho yamefumba nusu. Akainama chini ya meza, akavuta boksi la viatu. "Faili la Afya," alisema, akanikabidhi bahasha. "Ndani kuna na namba ya simu ya nesi. Mama aliambiwa asisahau vidonge vya madini ya chuma." Akarudi kulala. Mimi mwenyewe sijawahi kuijua hati ya nyumba yetu iko wapi.

Hospitali walimpokea mke wangu haraka, nikabaki koridoni. Baada ya muda nesi akatoka na ule mkoba, amebadilika uso. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango la TAKUKURU linaloeleza ubaya wa rushwa.

"Baba, hii ni nini?"

Kwanza akatoa kandambili ya mguu wa kushoto, ndogo sana. Halafu nusu andazi. Halafu bahasha nene, imegandishwa kwa gundi ya shule, imeandikwa kwa kalamu ya kijani: MALIPO YA MTOTO. SH. 12,000. TUNADAI RISITI.

"Hapa hatupokei hela," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. Akina baba wengine kwenye benchi wakasogea, wengine kunikimbia, wengine kuja karibu. Nikaanza kueleza habari za shangazi na mchele, nikaona nazidi kuharibu. Ndipo akageuza bahasha. Nyuma kulikuwa na barua, akaisoma kimyakimya, kisha akaniletea niisome mwenyewe.

"Kwa Nesi. Shikamoo. Hii ni sehemu ya malipo. Salio tutaleta, kuna fundi tunamdai. Kama haitoshi tunaomba umrudishe Mama kwanza. Mtoto tutamfuata."

Nesi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza aliyeandika ana umri gani. Akasema kandambili hiyo atakuwa ameiweka mwingine, na kwamba yeye angekuwa na miaka minne angeiweka hivyohivyo, ili Mama arudi kuirudisha. Akaondoka na karatasi. Alfajiri mtoto alipolia, aliniletea risiti, mwandiko wa hospitali lakini unasomeka: "Mtoto mmoja, wa kike, kilo 3.2. Bei: hakuna. Sh. 12,000 zimerudishwa. Mama anakuja."

Mhazini ameihifadhi. Alipomshika mdogo wake mara ya kwanza, kichwa kiganjani, shingo haikulegea hata kidogo, alitangaza kwamba amemzidi Sembe. Mwenyekiti alimfungua mdomo kwa macho, maana kumgusa alikatazwa, akasema huyu hana meno, arudishwe tupewe mwenye meno, risiti si ipo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua pacha. Baba alipewa tatu. Katibu aliziandika ubaoni, akazitazama, akauliza kama siku tatu hizo ni za kufua au za kulala. Nilizitumia kuchemsha maji, kukuna nazi na kutumwa sokoni na mama mkwe, ambaye uji wake wa pilipili manga hauruhusu pilipili ya jana.

Mzozo mkubwa ulikuwa wa kitovu. Bibi aliingia na kichupa cha mafuta, Katibu akasimama mlangoni na daftari.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nipishe."

"Samahani Bibi. Nesi alisema kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu, kitaanguka chenyewe. Niliandika."

"Nimelea saba kwa mafuta haya."

"Ndiyo Bibi. Ila imeandikwa."

Mama mkwe alinitazama mimi. Nikakumbuka kwamba kuna nazi haijakunwa. Baada ya kitambo alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akafungua kichupa, na mafuta yakaishia magotini mwake. Kitovu kikaanguka chenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Wanja wa nyusi aliupaka bila kupingwa. Katibu alisema kuhusu nyusi hakuna maelekezo.

Aliyetusumbua hasa ni Mwenyekiti. Cheo alikuwa nacho, lakini alianza kutambaa, akaanza kuongea kitoto, akataka abebwe mgongoni na kanga. Judy Dunn na Carol Kendrick waliwahi kuzifuatilia familia 40 za Cambridge, Uingereza, zilizokuwa zinapata mtoto wa pili, wakatoa kitabu mwaka 1982. Waliona kwamba pale mama alipozungumza na mkubwa kuhusu kichanga kuwa ni mtu mwenye haja na hisia zake, ndugu hao walikuja kupatana zaidi. Mke wangu hajakisoma. Yeye mtoto alipolia usiku mmoja, alimuuliza tu Mwenyekiti: "Wewe unaonaje, anataka nini?"

Mwenyekiti akafikiri. "Anataka kurudi tumboni."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mama yake akambeba. Mwenye mshono na asiyelala, akamfunga mgongoni na kanga, akazunguka naye chumbani mara chache huku Bibi anaguna. Asubuhi akampa kazi ya nepi: ikihitajika safi, hakuna mwingine wa kuileta. Tangu siku hiyo mtu mwingine akigusa nepi katika nyumba yangu anaitwa kwenye kikao.

Siku ya saba tukafanya akika, mbuzi mmoja kwa kuwa ni wa kike. Kamati ilikuwa na orodha ya majina, mengi ya wachezaji wa Yanga na Simba, jina la mama wa vitumbua, na Sembe, kwa heshima ya marehemu. Bibi alisikiliza yote kwa adabu, kisha akatoa jina la mama yake, likapita bila kupigiwa kura. Wenye kadi walifika, singo kwa dabo. Bodaboda walipaki mpaka barabarani. Mjumbe alikula sahani mbili.

Hesabu zimefungwa na kusainiwa na Mlezi. Aliyechangia na hakupata pilau ajue kadi yake bado ni halali mpaka arubaini. Aje nayo mkononi, asije na maneno. Na wewe fundi cherehani wa mtaa wa pili, kama gazeti hili limekufikia, ahadi yako ya 5,000 ipo ukurasa wa nne, safu ya BAKI. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na Mhazini atapita hapo dukani kwako asubuhi.